Jedwali Kabla ya Hitimisho: Kuwafunza Wanafunzi wa Baiolojia Kuhakiki Makala za Utafiti

Mwanafunzi wa baiolojia anapokabidhiwa makala ya utafiti kwa mara ya kwanza, kwa kawaida huisoma kama alivyozoea kusoma kitabu cha kiada. Huanza na ikisiri, hupigia mistari sentensi zinazoonekana nzito, huiruka sehemu ya mbinu kwa kuwa imejaa majina ya vipimo na vitendanishi asivyovijua, huyapitia majedwali kwa haraka, kisha hutua kwenye hitimisho na kulinakili. Akiulizwa makala inadai nini, hujibu vizuri. Akiulizwa kwa nini dai hilo liaminiwe, hunyamaza, au hujibu kwamba limechapishwa katika jarida kubwa.

Si haki kumlaumu. Tangu shule ya msingi amepimwa kwa uwezo wake wa kurudisha yaliyoandikwa kitabuni. Lakini kitabu cha kiada hueleza mambo yaliyokwisha kukubaliwa, ilhali makala ya utafiti ni hoja ambayo mwandishi wake bado anaitetea. Ni ushahidi wa mtu aliyekuwapo; hupokelewa kwa heshima, halafu huulizwa maswali. Mwanafunzi asiyefunzwa kuyauliza maswali hayo akiwa darasani huenda asiyaulize hata atakapokuwa mtaalamu wa maabara, mfamasia, daktari wa wilaya au mjumbe wa kamati inayotunga mwongozo wa tiba. Hapo ndipo suala hili, linaloonekana kuwa la walimu na wanafunzi peke yao, linapomfikia mgonjwa kitandani.

Miongoni mwa njia za kufundishia zilizofanyiwa tathmini ni ile iliyobuniwa na Sally Hoskins na wenzake katika City College ya New York, Marekani, na kuelezwa katika jarida la Genetics mwaka 2007 kwa jina la CREATE. Wanafunzi wa shahada ya kwanza hawapewi makala nzima kwa mara moja. Hupewa vipande. Kwanza hupata utangulizi, ambao huuchorea ramani ya dhana. Kisha hupata mbinu na matokeo, na hapo kila mmoja huchora kwa mkono wake namna jaribio lilivyofanyika: nani au nini kilipewa nini, kikapimwa lini, kikalinganishwa na kipi. Sehemu ya mjadala hufichwa. Mwanafunzi hulazimika kuandika mwenyewe kila mchoro na kila jedwali vinasema nini, na akimaliza hubuni jaribio linalopaswa kufuata. Darasa hugeuka kamati ya wafadhili, hujadili mapendekezo na kuchagua la kugharamiwa. Ndipo makala inayofuata ya maabara ileile hufunuliwa, nao wakaona watafiti wenyewe waliendelea vipi. Baadaye huwaandikia watafiti hao maswali kwa barua pepe.

Nguvu ya njia hii imo katika kile kinachofichwa. Mjadala wa makala umeandikwa na mtu mwenye ujuzi na ufasaha, anayetaka kuaminiwa. Mwanafunzi akiusoma mapema hawezi tena kuyatazama matokeo kwa macho yake. Mwalimu asiye na muda wa kufuata hatua zote za CREATE anaweza kuchukua hiyo moja, nayo haimgharimu zaidi ya mkasi.

Kwa madarasa ya Afrika Mashariki, makala inayofaa sana kwa zoezi hili ni ya utafiti ulioitwa FEAST, iliyochapishwa katika New England Journal of Medicine mwaka 2011. Utafiti huo, ulioongozwa na Kathryn Maitland, ulifanyika katika hospitali 6: Kilifi nchini Kenya, Teule iliyoko Muheza nchini Tanzania, na Mulago, Soroti, Mbale na Lacor nchini Uganda. Swali lake lilikuwa rahisi kulitamka. Yupo mtoto mwenye homa kali, anayepumua kwa shida au aliyepungukiwa fahamu, na mwenye dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini, kama vile miguu kuwa ya baridi, mapigo kuwa dhaifu, au damu kuchelewa kurudi kwenye kucha baada ya kubonyezwa. Je, akimiminiwa maji mengi ya dripu kwa haraka, uwezekano wake wa kupona huongezeka?

Wakati huo wengi hawakuliona kuwa ni swali. Katika hospitali za nchi tajiri, kumimina maji kwa haraka kulikuwa hatua ya kwanza isiyojadiliwa, na fisiolojia ya vitabuni iliiunga mkono: mzunguko ukilegea kwa kukosa ujazo, jaza. Watoto 3,141 waligawanywa kwa njia ya bahati nasibu katika makundi 3. La kwanza lilimiminiwa myeyuko wa albumini, mililita 20 hadi 40 kwa kila kilo ya uzito. La pili lilimiminiwa maji ya chumvi kwa kiasi hichohicho. La tatu halikumiminiwa. Makundi yote yalipata dawa za maambukizi na za malaria kadiri ilivyohitajika, damu kwa wenye upungufu mkubwa, na maji ya dripu ya taratibu kwa kiwango cha kawaida cha kumtunza mgonjwa. Jambo hili la mwisho linastahili kurudiwa darasani, kwa sababu wasomaji wengi wa juujuu huondoka wakidhani kwamba kundi la tatu liliachwa bila maji.

Mwalimu anayetaka somo liingie ataandika ubaoni mistari 3 tu, bila maelezo. Vifo ndani ya saa 48: kundi la albumini, watoto 111 kati ya 1,050, kundi la maji ya chumvi, 110 kati ya 1,047, kundi lisilomiminiwa, 76 kati ya 1,044. Kisha atanyamaza na kuwaachia wanafunzi kalamu na karatasi.

Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba maji huokoa atashawishika kudhani mistari imebadilishana nafasi. Haikubadilishana. Vifo vilikuwa asilimia 10.6 na 10.5 kwa waliomiminiwa, na asilimia 7.3 kwa wasiomiminiwa. Tofauti hiyo inaweza kusemwa kwa namna mbili. Inaweza kusemwa kwamba kumiminiwa maji kuliongeza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 45. Inaweza pia kusemwa kwamba katika kila watoto 100 waliomiminiwa, walikufa kama 3 zaidi ya ambao wangekufa bila kumiminiwa. Kauli zote mbili ni za kweli na zimetoka katika jedwali lilelile, ila ya kwanza hutisha na ya pili huonekana ndogo. Muuguzi wa wodi ya watoto ataielewa zaidi ikisemwa kwa namna ya tatu: katika kila watoto 30 hivi wa aina hiyo, mmoja zaidi. Mwanafunzi anayezoea kuigeuza kila asilimia kuwa idadi ya watu hababaiki kirahisi, iwe anasoma jarida la sayansi au tangazo la dawa.

Baada ya hesabu huja maswali ya mbinu, na hapa mwalimu asiharakishe. Je, wauguzi walijua ni mtoto yupi anamiminiwa? Ndiyo, chupa ya dripu haifichiki. Je, hilo linaharibu matokeo? Jibu hutegemea kilichopimwa. Kama kingekuwa maumivu au hali ya jumla kwa maoni ya mpimaji, shaka ingekuwa kubwa. Kifo hakitegemei mtazamo wa anayekiandika. Je, utafiti ulifika mwisho uliopangwa? Haukufika. Ulilenga watoto 3,600, nayo kamati huru iliyokuwa ikichungulia takwimu ikapendekeza usimamishwe Januari 2011 kwa ajili ya usalama. Mwanafunzi makini atauliza kama utafiti uliokatizwa mapema hauwezi kuikuza tofauti kuliko ilivyo. Unaweza, na ni swali zuri; hata hivyo, sehemu kubwa ya watoto waliokusudiwa walikuwa wamekwisha kuandikishwa.

Lililo zito zaidi halimo kwenye makala ya kwanza bali kwenye uchanganuzi uliochapishwa na watafiti haohao mwaka 2013 katika jarida la BMC Medicine. Waliangalia saa ya kwanza. Dalili za mzunguko dhaifu zilikuwa zimetoweka kwa asilimia 43 ya waliomiminiwa, dhidi ya asilimia 32 ya wasiomiminiwa. Maana yake ni kwamba daktari aliyesimama kando ya kitanda aliona kwa macho yake mtoto akipata nafuu baada ya dripu: miguu inapata joto, mapigo yanarudi. Hakudanganyika kuhusu alichokiona. Lakini vifo vya ziada vilikuja baadaye, na viliwapata hata wale walioonyesha nafuu hiyo. Uzoefu wa kitandani, hata wa miaka mingi, usingeweza kuigundua tofauti ya watoto 3 katika 100 huku saa ya kwanza ikitoa ushahidi wa kinyume. Kwa hiyo wanafunzi wafundishwe kuuliza, kwa kila makala, kama kilichopimwa ni kile anachokijali mgonjwa au ni dalili inayodhaniwa kukiwakilisha.

Makala hii hunasa pia haraka ya wanafunzi ya kutoa sababu. Wakiulizwa kwa nini maji yaliua, karibu kila mmoja atasema mapafu yalijaa maji au ubongo ulivimba. Ni dhana ya busara, na ndiyo iliyotarajiwa na wengi. Uchanganuzi wa 2013 ulionyesha vingine: ziada ya vifo ilichangiwa zaidi na kuporomoka kwa mzunguko wa damu. Nadharia tete iliyo nzuri masikioni iliwekwa mbele ya data ikashindwa, na mwanafunzi anayeshuhudia dhana yake mwenyewe ikishindwa hivyo hujifunza jambo ambalo mihadhara haifundishi.

Pingamizi kubwa lililotolewa dhidi ya FEAST lilihusu maana ya mshtuko. Wakosoaji walisema watoto wengi hawakuwa na mshtuko kwa kipimo kikali cha Shirika la Afya Duniani, kinachodai dalili zote ziwepo kwa pamoja. Pingamizi hilo lilikuwa la haki. Watafiti walirudi kwenye data, wakawapata watoto 65 waliotimiza kipimo hicho: walikufa 24 kati ya 50 waliomiminiwa, na 3 kati ya 15 wasiomiminiwa. Mwelekeo ni uleule, lakini 15 ni wachache mno. Mtoto mmoja au wawili wangebadili picha. Hapa darasa linaweza kubishana saa nzima bila mshindi, na ni vema libishane. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 ulielekeza kwamba mtoto mwenye dalili moja au mbili tu za mzunguko dhaifu, asiye na mshtuko kamili, asimiminiwe maji kwa haraka, bali apewe maji ya kawaida ya kumtunza.

Kuna mstari mmoja wa sehemu ya mbinu ambao kila mhudumu wa afya na kila mzazi angepaswa kuujua. Watafiti hawakuwaingiza watoto wenye kuharisha kwa maambukizi ya tumbo, wala wenye utapiamlo mkali, wala walioungua au kujeruhiwa. Kwa hiyo matokeo ya FEAST hayasemi lolote kuhusu mtoto aliyekaushwa na kuharisha. Huyo amepoteza maji mwilini, na anahitaji kurudishiwa, kwa mdomo au kwa dripu, kwa utaratibu uliowekwa. Habari ya utafiti kama huu ikisafiri kutoka jaridani hadi redioni na kutoka redioni hadi kijiweni, hufika ikiwa maneno mawili tu: dripu inaua. Mama aliyeyasikia anaweza kumkatalia muuguzi dripu kwa mtoto mwenye kipindupindu. Atakayeweza kumjibu kwa utulivu ni yule aliyesoma orodha ya waliotengwa, sehemu ambayo mwanafunzi huiruka kwa kuona haina maana.

Ile imani kwamba makala iliyochapishwa imekwisha kuhakikiwa, hivyo haihitaji kuhakikiwa tena, nayo inahitaji kutikiswa. Mwaka 1998 Fiona Godlee na wenzake walichapisha katika jarida la JAMA jaribio ambalo makala moja ilipandikizwa makusudi kasoro 8, ikapelekwa kwa wahakiki wa jarida la BMJ. Kwa wastani kila mhakiki aligundua kasoro 2. Hao walikuwa wataalamu wa kweli wanaofanya kazi hiyo kwa kawaida. Mwanafunzi akisikia hilo huwa kama amefunguliwa minyororo, na mwalimu asisahau kumtahadharisha upande wa pili: kama wao waligundua 2, yeye naye asidhani ataziona zote.

Mfano wa karibu zaidi ulitokea wakati wa UVIKO-19. Mnamo Mei 22, 2020, The Lancet ilichapisha makala iliyodai kuchambua rekodi za wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671 katika mabara 6, ikasema kwamba haidroksiklorokwini iliongeza vifo. Majaribio ya dawa hiyo yakasimamishwa kwa muda, likiwemo la Shirika la Afya Duniani. Wanasayansi wengi wakaandika barua ya wazi. Miongoni mwa hoja zao ilikuwamo hesabu rahisi kuhusu Afrika: ili takwimu za makala ziwe za kweli, ingebidi karibu robo ya wagonjwa wote wa UVIKO-19 barani na asilimia 40 ya vifo vyote viwe vimetokea katika hospitali za mtandao wa kampuni iliyotoa data, Surgisphere, tena hospitali zenye mifumo ya kompyuta ya hali ya juu. Yeyote aliyewahi kutafuta faili la mgonjwa katika masjala ya hospitali ya mkoa angepaswa kushtuka. Kampuni haikutoa data kamili zikaguliwe, na makala ikaondolewa Juni 4.

Siku iliyofuata watafiti wa RECOVERY wa Uingereza walitangaza kwamba dawa hiyo haikuwasaidia wagonjwa waliolazwa. Baadaye walichapisha takwimu: ndani ya siku 28 walikufa asilimia 27.0 ya waliopewa dawa, na asilimia 25.0 ya wasiopewa. Mwanafunzi mwerevu atasema, basi makala ya kwanza ilikuwa sahihi. Hapo mwalimu ana kazi. Kusema kwamba dawa haisaidii kulikuja kuthibitishwa. Makala ya Surgisphere haikuwa imelithibitisha, kwa sababu hakuna aliyeweza kuonyesha kwamba data zake zilitoka kwa wagonjwa halisi. Mtu anayebahatisha jibu la hesabu hapewi alama za kukokotoa.

Kuandika uhakiki ni ujuzi mwingine, na wanafunzi huukosea kwa namna inayojirudia. Wengine husifu tu. Wengine, waliogundua kwamba ukosoaji huleta alama, huorodhesha makosa 20 ya uzito sawa, tahajia ikikaa kando ya kukosekana kwa kundi linganishi. Neno wanalolipenda ni "sampuli ni ndogo", ambalo hulisema kuhusu kila makala. Mwalimu aulize: ndogo kwa swali lipi? Watoto 3,141 walitosha kuonyesha tofauti ya vifo. Watoto 15 kati yao hawakutosha kumaliza ubishi kuhusu mshtuko kamili. Uhakiki mzuri huanza kwa kuieleza makala kwa maneno ambayo watafiti wenyewe wangeyakubali. Halafu hutaja hoja moja au mbili ambazo zikiwa kweli huliangusha hitimisho, na kwa kila hoja husema ni ushahidi gani ungemridhisha mhakiki. Madogo hubaki mwishoni. Lugha iwe ya adabu, kwa kuwa anayehakikiwa ni mtu aliyekesha wodini au maabara.

Suala la lugha lina upande mwingine. Makala karibu zote ni za Kiingereza, na mwanafunzi hujificha kwa urahisi nyuma ya istilahi alizozikariri. Mtu akitaka kujua kama jedwali limeeleweka, amwombe mwanafunzi alieleze kwa Kiswahili cha kawaida, kana kwamba anamweleza mzazi aliyekaa benchi la kliniki: watoto wangapi walikuwa huku, wangapi kule, wangapi walifariki, na kwa nini tunadhani sababu ni dripu wala si ugonjwa. Istilahi zikiondolewa, pengo huonekana mara moja. Zoezi hili linafaa hata kwa walimu wenyewe.

Kikwazo kinachotajwa mara nyingi ni muda. Muhula mmoja hauwezi kubeba makala 10 zilizosomwa hivi. Pengine hubeba 2 au 3, na ni bora ziwe 2. Upatikanaji wa makala si kikwazo kama zamani. William Osler alipoanzisha klabu ya kusoma majarida katika Chuo Kikuu cha McGill mwaka 1875, sababu moja ilikuwa kugawana gharama ya majarida. Leo mpango wa Hinari, ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji, huzipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo maelfu ya majarida bure au kwa bei nafuu, na hospitali ya wilaya inaweza kujisajili kama chuo kinavyojisajili. Ule uchanganuzi wa 2013 wa FEAST hausubiri hata usajili huo: BMC Medicine husomwa bila malipo na yeyote mwenye simu na intaneti, na wauguzi 5 wa wodi ya watoto wanaweza kuanza nao mchana wowote ulio mtulivu, wakiyafungua majedwali kwanza.